Kuandika Sheria ya Kufundisha Balehe, Uzazi na Afya katika Shule za Umma: Mwongozo Kamili

Muswada wa kufundisha watoto kuhusu miili yao ukifika bungeni, kelele zote huwa kwenye utangulizi: maadili upande huu, haki upande ule. Wakati watu wanatoleana macho, vifungu vitakavyoamua mwalimu aseme nini darasani vinapita bila kusomwa. Ni vifungu vya tafsiri ya maneno, umri wa kuanzia, taarifa kwa mzazi, mamlaka ya kuidhinisha vitabu na kinga ya mwalimu.

Mwongozo huu unahusu vifungu hivyo. Unamfaa mbunge, mwandishi wa sheria, chama cha wazazi au cha walimu, awe anataka somo lipanuliwe au libanwe. Sheria iliyoandikwa ovyo haimnufaishi yeyote kati yao, maana mwalimu akishaogopa hafundishi lolote, na mtaala ulioshinda bungeni unabaki kabatini.

Hatua ya 1: Jua kilichopo kabla ya kuandika

Kusanya kila andiko linalogusa jambo hili: sheria ya elimu, sheria ya mtoto, sheria ya afya, kanuni za adhabu hasa makosa ya kujamiiana na machapisho machafu, sheria ya faragha, mtaala unaotumika na nyaraka za wizara. Chora jedwali linaloonyesha nani amepewa wajibu gani, kwa watoto wa umri gani, na adhabu ipi inamngoja asipotimiza.

Jedwali hilo huibua migongano ambayo hakuna aliyeiona. Sheria ya elimu inaweza kumtaka mwalimu aeleze jinsi VVU vinavyoambukizwa, huku sheria ya jinai inakataza kumwonyesha mtoto picha ya viungo vya uzazi, bila kuutenga mchoro wa kitabu cha baiolojia. Muswada wako usipoutatua mgongano huo, utakuwa umemwongezea mwalimu mtego mwingine.

Jiulize pia kama kweli unahitaji sheria. Waraka wa wizara unatoka haraka, ila waziri ajaye anaufuta kwa sahihi moja. Ahadi ya kimataifa ni dhaifu zaidi. Desemba 2013 mjini Cape Town, mawaziri wa elimu na afya wa nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika waliahidi kupanua elimu ya afya ya uzazi kwa vijana, lakini mwalimu aliyeshtakiwa na mzazi hawezi kuinua ahadi ile mahakamani kama ngao. Sheria inahitajika pale unapotaka kuweka wajibu, kutoa haki au kutoa kinga. Mengine yote yanaweza kukaa kwenye kanuni na mtaala.

Kisha pima katiba na mikataba. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 5, unaheshimu haki na wajibu wa wazazi kumwongoza mtoto kadiri uwezo wake unavyokua. Ibara ya 12 inampa mtoto mwenyewe haki ya kusikilizwa. Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966, ibara ya 13, unatambua uhuru wa wazazi kuhusu elimu ya dini na maadili ya watoto wao. Upande wowote uliopo, mikataba hii inakupa hoja na inakuwekea mipaka.

Kesi ya kuisoma mapema ni ya wazazi wa Denmark waliopinga elimu ya jinsia kuwa ya lazima shuleni. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliiamua Desemba 1976, na wazazi wale wakashindwa. Mahakama ilisema dola inaweza kulifanya somo kuwa la lazima mradi taarifa zitolewe bila upendeleo, kwa jicho la uchambuzi na kwa kutambua kwamba watu wana mitazamo tofauti. Inachokatazwa ni kumtia mtoto itikadi isiyoheshimu imani za wazazi wake. Kipimo hicho ni kizuri hata katika nchi ambazo mahakama ile haina mamlaka.

Hatua ya 2: Tenga cha sheria na cha mtaala, kisha gawa mada katika mafungu matatu

Kanuni rahisi: jambo linaloweza kubadilika ndani ya miaka mitano lisiingie kwenye sheria. Dawa, chanjo, takwimu, majina ya vitabu na mbinu za kufundishia viachie mtaala. Argentina ilifanya hivyo mwaka 2006. Sheria yao namba 26.150 ni fupi: inatamka haki ya mwanafunzi, inataja malengo, inaruhusu kila shule kuoanisha somo na mazingira yake, na inataka wazazi wenyewe waandaliwe nafasi za kujifunza. Yaliyomo darasani yalipangwa baadaye, mwaka 2008, na baraza la elimu la shirikisho.

Halafu gawanya mada. Hapa ndipo rasimu nyingi hukosea, kwa kutupa kila kitu ndani ya kapu moja liitwalo “mada nyeti”. Mimi ningeandika mafungu matatu.

La kwanza ni usalama wa mtoto: majina sahihi ya viungo vya mwili, mguso usiofaa, haki ya kukataa, na mtu wa kumwambia. La pili ni mwili na afya: balehe, hedhi, usafi, jinsi magonjwa yanavyoambukizwa. La tatu ni kujamiiana, uzazi wa mpango na mahusiano ya kimapenzi.

Mgawanyo huu ndio uti wa mgongo wa muswada mzima, kwa sababu kila fungu litakuwa na umri wake na haki zake za mzazi. Uingereza, kwa upande wa England, iligawa kwa namna ya karibu na hii kuanzia Septemba 2020: elimu ya mahusiano ni ya lazima shule zote za msingi, elimu ya afya ni ya lazima kwa shule za umma zote, na ni katika elimu ya jinsia peke yake mzazi anaweza kuomba mtoto wake atolewe. Huko Marekani, majimbo mengi yamelitenga kabisa fungu la kwanza kwa sheria za kuzuia ukatili wa kingono dhidi ya watoto, zinazojulikana kwa jina la Erin Merryn, manusura aliyezipigania kuanzia Illinois. Watu wasiokubaliana lolote kuhusu kondomu huketi meza moja kupitisha sheria ya namna hiyo.

Hatua ya 3: Tafsiri ya maneno

Tumia nusu ya muda wako hapa. Sheria yenye maneno mapana ni mtego wa panya, huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Tennessee, jimbo la Marekani, ilipitisha sheria mwaka 2012 iliyokataza elimu inayohamasisha vitendo vinavyoelekea kwenye ngono. Tafsiri ilikuwa ya jumla kiasi kwamba wakosoaji walihoji kama kushikana mikono kumo ndani. Florida, jimbo jingine la huko, ilipitisha ya kwake mwaka 2022 kuhusu mafundisho ya mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia katika madarasa ya chini. Ilichukua hadi Machi 2024, baada ya kesi na suluhu, kufafanuliwa kwamba sheria ile haizuii kuwataja watu wa mwelekeo au utambulisho fulani wala haigusi vitabu vya maktaba visivyotumika kufundishia. Kwa miaka hiyo miwili shule zilikuwa zikibahatisha. Iwe unaunga mkono lengo la sheria zile au unalipinga, ufafanuzi ule ungeweza kuandikwa siku ya kwanza kwa sentensi mbili.

Maneno yanayohitaji tafsiri ni haya: “kufundisha”, “taarifa sahihi kitabibu”, “inayofaa umri”, “kifaa cha kufundishia”, “mzazi” na “mtoa mada kutoka nje”. Kwa “taarifa sahihi kitabibu” unaweza kuanza na mfano huu, unaofuata njia iliyotumiwa na California:

*“Taarifa sahihi kitabibu” maana yake ni taarifa inayoungwa mkono na utafiti uliofuata taratibu za kisayansi, na inayokubaliwa kuwa sahihi na taasisi za kitaalamu zinazotambuliwa na Wizara yenye dhamana ya afya.*

“Kufundisha” ndilo neno gumu zaidi. Liandike kwa kusema kilichomo na kisichokuwemo:

*“Kufundisha” maana yake ni somo lililopangwa na kutolewa kwa darasa au kundi. Haijumuishi: (a) kujibu kwa ufupi swali la mwanafunzi, (b) mwanafunzi kutaja familia yake au maisha yake, (c) kumsaidia mwanafunzi aliyepata hedhi, aliyeumia au anayeomba ulinzi, (d) mada za sayansi zilizomo katika mtaala.*

Epuka vitenzi kama “kushabikia”, “kuhamasisha” na “kueneza” visivyo na tafsiri. Kama unataka kukataza, taja kitendo kinachoonekana kwa macho: kuonyesha, kugawa, kusambaza, kupeleka nje ya shule.

Rasimu ikishakamilika, ifanyie jaribio. Tafuta walimu wachache wasiohusika na muswada, wape maandishi bila maelezo, kisha waulize: mtoto wa miaka 10 amesikia kwenye redio neno “ubakaji”, ananyoosha mkono na kuuliza maana yake. Utamjibuje, na sheria hii inakuruhusu? Uliza tena kuhusu msichana wa miaka 9 aliyechafua sare, na kuhusu mwanafunzi anayesema mjomba wake anamshika vibaya. Walimu wakitoa majibu yanayotofautiana, kosa liko kwenye maandishi yako. Rudi ukayarekebishe.

Hatua ya 4: Umri wa kuanzia uufuate mwili

Balehe kwa wasichana huanza kwa kawaida kati ya miaka 8 na 13, na kwa wavulana kati ya 9 na 14. Sheria inayoruhusu kuzungumzia hedhi kuanzia miaka 13 itamkuta msichana aliyekwisha kuipata peke yake chooni, akidhani anaumwa. Jambo hili lilijitokeza Florida mwaka 2023, pale mbunge mwenye muswada wa kuweka elimu ya jinsia katika darasa la sita na kuendelea alipoulizwa kwenye kamati kama wasichana wadogo hawataruhusiwa hata kuzungumzia hedhi yao, naye akakubali kwamba ndivyo muswada unavyosomeka.

Kwa hiyo fungu la kwanza lianze tangu mtoto anapoingia shule, kwa lugha ya umri wake. La pili lianze kabla balehe haijaanza kwa walio wengi, yaani karibu na miaka 8 au 9. La tatu ndilo lenye nafasi ya kubishaniwa kwa haki. Mwongozo wa UNESCO uliorekebishwa mwaka 2018 hupanga malengo kwa makundi ya miaka 5–8, 9–12, 12–15 na 15–18 na zaidi, na hata asiyeukubali mwongozo wenyewe anaweza kuazima ngazi zake. Zingatia pia kwamba darasa moja laweza kuwa na wanafunzi waliopishana miaka mitatu au minne. Andika “darasa” na “umri” kwa pamoja, na useme kipi kinatangulia vikipingana.

Hatua ya 5: Haki za mzazi

Zipo haki tatu, na usizichanganye: kujulishwa, kukagua na kumtoa mtoto.

Kujulishwa na kukagua kusiwe na mjadala mrefu. Mzazi apewe muhtasari mwanzoni mwa mwaka wa masomo, ajue ni nani atakayefundisha, na aruhusiwe kuona kila kifaa kitakachotumika, yakiwemo maandishi ya watoa mada kutoka nje. Ukimnyima mzazi haki ya kukagua, unamkabidhi mpinzani wako hoja nyepesi kuliko zote: mnaficha nini?

Kumtoa mtoto ndiko kwenye vita. Njia ni mbili. Katika ya kwanza, mtoto yumo darasani isipokuwa mzazi aandike kumtoa; California inafuata njia hii na inazikataza shule kudai ridhaa ya maandishi. Katika ya pili, mtoto yuko nje mpaka mzazi aandike kumruhusu. Texas iliichagua mwaka 2021. Kwenye karatasi zinaonekana kama ndugu, lakini tofauti yake ni nini kinatokea fomu isiporudi. Na fomu hazirudi kwa sababu nyingi zisizo na uhusiano na imani: zimesahaulika kwenye begi, mzazi yuko safarini, mtoto analelewa na bibi asiyesoma. Watoto hao ndio mara nyingi hawana mwingine wa kuwaeleza. Kwa maoni yangu njia ya kwanza ni bora, pamoja na taarifa ya kweli inayomfikia mzazi kwa njia anayoitumia, si karatasi iliyobandikwa kwenye mbao za matangazo.

Tumia mafungu yako. Fungu la usalama lisiwe na ruhusa ya kumtoa mtoto, kwa sababu mkosaji huenda ndiye anayesaini. Fungu la afya vilevile, labda kwa sababu maalumu sana. Ruhusa ibaki kwa fungu la tatu. England imeongeza jambo la busara: kuanzia mihula mitatu kabla mwanafunzi hajatimiza miaka 16, yeye mwenyewe anaweza kuchagua kurudi darasani. Wales, kwa sheria yake ya 2021, haikuacha ruhusa yoyote. Mwandishi wa rasimu anayetaka kufuata Wales akumbuke kwamba mahakama inaweza kuingia pale bunge lilipofunga. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa ushindi wa awali wazazi wa wilaya moja ya Maryland waliotaka kuwatoa watoto katika vipindi vya vitabu fulani vya hadithi kwa sababu za kidini.

Mfano wa kifungu:

*Mkuu wa shule atampa mzazi taarifa angalau siku 14 kabla ya somo la fungu la tatu. Mzazi anaweza kumtoa mtoto kwa maandishi, bila kutakiwa kutoa sababu. Mwanafunzi aliyetolewa atapewa kazi mbadala yenye uzito sawa, hatapunguziwa alama, na jina lake halitatangazwa.*

Usiliache neno “mzazi” likining’inia. Taja mlezi, taja mtoto asiye na mlezi wa kisheria, na useme inakuwaje wazazi waliotengana wakileta barua mbili zinazopingana.

Hatua ya 6: Nani anaidhinisha vifaa

Kamati ya ushauri huleta utulivu ikiundwa vizuri, na huleta fujo ikitekwa na upande mmoja. Jimbo la Wisconsin, Marekani, linataka bodi ya wilaya inayofundisha ukuaji na maendeleo ya binadamu iwe na kamati yenye wazazi, walimu, viongozi wa shule, wanafunzi, wahudumu wa afya, viongozi wa dini na wakazi wengine. Hakuna kundi linaloruhusiwa kuzidi moja ya tano ya wajumbe, isipokuwa wazazi.

Ongeza mambo mawili ambayo husahaulika. Kwanza, kikomo cha muda: kamati isipotoa maoni ndani ya siku 60, kifaa kinahesabiwa kimepita hatua hiyo. Pili, utaratibu wa malalamiko. Mlalamikaji ataje ukurasa na aeleze kasoro, na kifaa kiendelee kutumika wakati uchunguzi unafanyika, isipokuwa kama ni kosa la kitabibu linaloweza kumdhuru mtoto.

Hatua ya 7: Mkinge na umwandae mwalimu

Mwaka 2010, Wisconsin ilipotoa sheria mpya ya elimu hii, mwendesha mashtaka wa wilaya moja aliziandikia shule akionya kwamba mwalimu atakayefundisha matumizi ya vidhibiti mimba anaweza kushtakiwa kwa kuchochea makosa ya watoto. Yaani mwalimu atii sheria ya elimu, kisha akamatwe kwa sheria ya jinai. Barua moja ya namna hiyo inatosha kunyamazisha walimu wa wilaya nzima, kesi ifunguliwe au isifunguliwe.

Kinga yake ni kifungu kimoja: *Mwalimu anayefundisha kwa nia njema kwa kufuata mtaala ulioidhinishwa hatashtakiwa wala kuadhibiwa kwa kosa lolote linalotokana na maudhui ya mtaala huo.* Kisha rekebisha sheria ya jinai katika muswada huohuo, kwenye jedwali la marekebisho, ili zisomeke pamoja.

Malalamiko yaelekezwe kwa taasisi, si kwa mwalimu binafsi. Faini na kesi za madai dhidi ya mwalimu mmojammoja huwafanya waliobobea walikimbie somo na kuliacha kwa aliyeajiriwa juzi.

Mafunzo yawe sharti kabla ya kuingia darasani. Yajumuishe jinsi ya kupokea taarifa ya ukatili, kwa sababu baada ya somo la fungu la kwanza watoto husema. Sheria itaje mwalimu anaripoti kwa nani, ndani ya saa ngapi, na kwamba hatakiwi kufanya upelelezi wake mwenyewe. Mwalimu ambaye dhamiri yake inamzuia kufundisha fungu la tatu aruhusiwe kuomba mbadala, na shule iwe na wajibu wa kumpata mbadala huyo.

Hatua ya 8: Fedha

Kifungu kifupi, lakini bila hicho vingine ni mapambo. Ainisha gharama za mafunzo, uchapaji na muda wa kamati, na utaje fungu la bajeti zitakamotoka.

Hatua ya 9: Kwenye kamati ya bunge

Nenda na kurasa halisi za kitabu kilichopendekezwa, za kila darasa. Uvumi hukua pale ambapo hakuna aliyeona kitabu, na mara nyingi ukurasa unaosambazwa kwa hasira haumo kabisa kwenye mtaala. Leta muuguzi wa shule, mwalimu wa darasa na wazazi wa misimamo tofauti, pamoja na wanafunzi waliomaliza shule karibuni ambao wanaweza kuzungumza bila kuanikwa.

Jihadhari na marekebisho ya dakika za mwisho. Neno moja likiongezwa kwenye tafsiri linaweza kugeuza muswada wote, hivyo kabla ya kura rudia lile jaribio la Hatua ya 3 kwa maandishi yaliyorekebishwa. Amua mapema ni vifungu gani uko tayari kuviachia. Mimi nisingekubali kupoteza tafsiri ya “kufundisha”, kinga ya mwalimu wala fungu la usalama. Umri wa fungu la tatu, siku za taarifa na idadi ya wajumbe wa kamati ni mambo ya kujadiliana.

Hatua ya 10: Tarehe ya kuanza na tathmini

Panga mfuatano: kanuni zichapishwe, vifaa viidhinishwe, walimu wafundwe, wazazi wajulishwe, ndipo somo lianze. England ilipitisha sheria yake mwaka 2017, ikatoa kanuni na mwongozo mwaka 2019, na ikaanza Septemba 2020. Hata hivyo janga la korona lilipovuruga shule, zile ambazo hazikuwa tayari ziliruhusiwa kuchelewa hadi muhula wa kiangazi wa 2021. Mpe waziri mamlaka ya kuahirisha kwa muda maalumu, mara moja tu, kwa sababu zilizoandikwa na kuwasilishwa bungeni, la sivyo kuahirisha kutageuka njia ya kuua sheria bila kuifuta.

Tathmini ifanyike kila baada ya miaka mitatu, kwa takwimu za shule na si za mwanafunzi mmojammoja: ni shule ngapi zimefundisha kila fungu, walimu wangapi wamepata mafunzo, wazazi wangapi wamewatoa watoto, malalamiko mangapi yamepokelewa na yaliishaje. Orodha ya majina ya watoto waliotolewa isivuke lango la shule, na iteketezwe mwaka wa masomo unapoisha.